Nikipitisha chakula kipya halafu kikaua mtu, itakuwaje?

"Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa Busia, nimemaliza digrii ya sayansi ya chakula Kyambogo na nikafanya mafunzo kwenye maabara ya kampuni ya unga. Sasa nimeitwa intavyuu, kazi yenyewe ni kukagua vyakula vipya, yaani unga wa nyenje, senene wa pakiti, protini za kutengenezwa, na wanasema hata nyama ya kukuzwa maabara kama italetwa. Mjomba anasema hiyo ni kazi ya kugonga mihuri na kula chai ya wafanyabiashara. Mimi kinachoninyima usingizi ni kingine: chakula watu hawajakizoea, nitajuaje ni salama? Nikisaini halafu mtoto wa mtu akafa? Halafu sielewi, watu wa Masaka wanakula senene tangu enzi za mababu, inakuwaje Ulaya waseme ni chakula kipya? Na je, nianze kazi ama nisome masta kwanza? La mwisho ni la aibu kidogo. Mimi nikila senene koo linawasha na midomo inavimba, vile vile ilivyonitokea nilipokula kamba wa baharini kwenye harusi Mombasa. Itanizuia kazi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuitwa. Naanza na hilo uliloliita la aibu, manake kwenye barua yako yote ndilo pekee ambalo haliwezi kungoja intavyuu. Acha kula senene. Acha na nyenje na kumbikumbi, acha na kamba na kaa, mpaka uonane na daktari wa hospitali. Mimi udaktari wangu ni wa chakula, siwezi kukupima kwa kusoma barua, lakini ulivyoelezea mambo mawili yale, senene na kamba, midomo na koo, ni picha ambayo watu wa fani yetu tunaijua vizuri. Kwenye misuli ya kamba kuna protini inaitwa tropomayosini, na wadudu wanayo inayofanana nayo sana, mende wanayo, hata vile vidudu vya vumbi la godoro visivyoonekana kwa macho wanayo. Mwili ukishajifunza kuiona moja kama adui, ikija ndugu yake unaishambulia vile vile. Na moto haiiogopi sana, kwa hiyo usidanganyike kwamba zikikaangwa mpaka zikauke zitakuwa sawa.

Kuna uwezekano mwingine ambao daktari ataufikiria: chakula cha protini kikikaa vibaya kabla ya kupikwa kinaweza kujaa histamini, na hiyo inawasha na kuvimbisha mtu yeyote, hata asiye na aleji. Thailand imewahi kutokea kwa wadudu wa kukaanga. Tofauti ni kwamba ya histamini huwakamata wengi waliokula sahani moja, yako inakukamata wewe peke yako na wenzako wanaendelea kutafuna. Hata hivyo usijipime nyumbani kwa kula kidogo kidogo uone, hiyo ndio njia watu wanaumizwa nayo. Nenda hospitali kubwa wanakoweza kukupima mzio kwa ngozi ama kwa damu, na kama siku moja utakula kitu kwa bahati mbaya halafu pumzi ikaanza kubana, sauti ikabadilika, kizunguzungu ama vipele mwili mzima, hapo usikae kumeza piritoni na kusubiri, panda hata boda ukimbizwe. Dawa ya hali ile ni sindano ya adrenalini na iko kwa wahudumu wa afya, haiko kwenye kabati la nyumbani.

Aleji haitakuzuia kazi. Watu wanadhani mkaguzi anaonja vyakula siku nzima, wala. Anasoma makaratasi. Ila utakapotumwa kutembelea shamba la nyenje, ule unga mwepesi unaoruka hewani unaweza kukusumbua kifua, na wafanyakazi wa mashamba ya wadudu wamewahi kupata aleji kwa kuvuta tu vumbi hilo. Mwambie bosi mapema, iandikwe, wewe ufanye ya mezani na mwenzako aende shambani. Na kusema kweli mtu mwenye aleji akikaa kwenye jopo la wakaguzi, lebo haitasahaulika. Ulaya tangu walipoanza kuruhusu wadudu mwaka 2021 wanadai lebo iwaonye wazi wenye mzio wa kamba na jamii yake, na wa vidudu vya vumbi. Hapa kwetu senene anauzwa kwenye kijikaratasi kilichokunjwa, lebo utaibandika wapi?

Sasa hofu yako kubwa. Umeuliza utajuaje kwamba chakula ni salama, na ukiliweka swali hivyo halina jibu, wala kwa posho, yaani ugali, halina. Mkaguzi hajibu "ni salama ama si salama". Anajibu: kitu hiki, kilichotengenezwa kwa njia hii, kikiliwa na watu hawa, kwa kiasi hiki, kuna sababu ya kutegemea madhara? Ukitoa kipande kimoja hapo jibu zima linaanguka. Vijana wengi wanaoingia kazini wanaenda moja kwa moja kwenye jina la chakula, wanaligugo, wanatafuta kama kuna mtu aliugua. Mimi nakushauri uanzie ukurasa wa namna kinavyotengenezwa, huko ndiko mambo mengi yanajificha.

Chukua mfano wa Marekani mwaka 1989. Kulikuwa na kirutubisho kinaitwa triptofani, kitu cha kawaida kabisa, kiko hata kwenye maziwa na mayai, watu walikuwa wanakimeza vidonge miaka. Ghafla watu zaidi ya 1500 wakaugua maumivu makali ya misuli, na zaidi ya 30 wakafa. Kufuatilia, ushahidi ukaelekea kwa mtengenezaji mmoja wa Japani aliyekuwa amebadilisha aina ya bakteria anaowatumia kuzalisha, na wakati huo huo akapunguza mkaa wa kuchujia. Jina la bidhaa lilikuwa lile lile, hata kemikali yenyewe haikubadilika, kilichobadilika ni uchafu mdogo sana uliobaki ndani. Mkaguzi anayesoma jina peke yake angepitisha bila kukunja uso.

Na upande wa pili, cha zamani nacho si kinga. Septemba 2017 kule Kasese watu walikula ugali wa muhogo, wengine msibani, wakaugua 98 na wawili wakafa, kwa sumu ya sayanidi. Unga huo ulidhaniwa umetoka kwa muhogo mwitu wenye sumu nyingi, aina inayohitaji hatua za kuloweka na kukausha zinazotoa ile sumu vya kutosha. Mababu hawakutuachia muhogo tu, walituachia muhogo pamoja na namna ya kuutengeneza, na mfanyabiashara mwenye haraka akikata siku mbili za kuloweka ameshatengeneza chakula kingine ijapokuwa gunia limeandikwa jina lile lile. Karamoja mwaka 2019 nao ulikuwa unga wa uji wa msaada, uliorutubishwa vizuri kabisa, watu kama 300 wakaugua, wakachanganyikiwa akili, watano wakafa, na iliyokutwa ni sumu ya mbegu za datura, lile gugu linaloota katikati ya mazao na kuvunwa nayo. Baada ya hapo FAO na WHO wakaitisha jopo la wataalamu mwaka 2020 kuangalia tu sumu hizo kwenye chakula. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia hiki ni cha asili hakina shida, ama hiki ni cha kisasa kimepimwa, wewe muulize kimepitia wapi.

Hapo ndio tunafika kwa senene na Ulaya. Usione kama ni dharau. Sheria yao inaangalia kitu kimoja cha kalenda: kama chakula hakikuliwa na watu wengi ndani ya Umoja wa Ulaya kabla ya tarehe 15 Mei 1997, basi kwao ni kipya, hata kama Masaka kinaliwa tangu enzi za makabaka. Haimaanishi ni kibaya. Wana hata njia fupi kwa vyakula kama hivyo, ukionyesha kwamba kimeliwa kwa usalama angalau miaka 25 mfululizo kwenye nchi nyingine, na watu wa kutosha, na ukaleta vipimo vya kilichomo ndani, unapeleka taarifa na nchi zao zinapewa miezi 4 kupinga kwa sababu za usalama. Fonio ya Afrika Magharibi ilipita njia hiyo mwishoni mwa 2018. Ubuyu ulitangulia mwaka 2008 kwa sheria ya zamani, njia ndefu zaidi. Wadudu wa kwanza kupita, yaani mabuu ya mende wa unga Juni 2021, kisha nzige, kisha nyenje wa nyumbani, walipita njia ya tathmini kamili, faili linaenda EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, kule Parma, Italia, wanasayansi wanatoa maoni, halafu uamuzi unafanywa na Tume ya Ulaya na nchi wanachama. Angalia hapo, anayetathmini si yule anayeamua. Kumbuka hilo, nitalirudia kwenye habari ya saini yako.

Kitu kimoja ambacho wafanyabiashara wa huku hawakijui na watakuja kukuuliza: idhini ya kule mara nyingi ni ya mwombaji. Ule unga wa nyenje uliopunguzwa mafuta ulioruhusiwa Januari 2023, uliruhusiwa kwa kampuni moja ya Vietnam kwa miaka 5, kwa sababu data ni zao. Mtu wa Jinja hawezi kusema "nyenje wameruhusiwa" akapakia kontena. Lazima apeleke faili lake.

Tukirudi nyumbani, Uganda na Kenya zote mbili zina viwango vya wadudu wa kuliwa, kwa hiyo huanzi kwenye karatasi tupu. Lakini kiwango kinakwambia bidhaa ya mwisho iweje, hakikwambii nini kilitokea njiani, na kwa senene njiani ni parefu. Msimu ukifika, Aprili na Mei halafu tena Novemba na Desemba, unaona zile taa kali zinawaka usiku, mabati yamesimamishwa, moshi unafukizwa, senene wanagonga bati wanateleza ndani ya pipa. Mimi nikienda pale siangalii senene kwanza, naangalia pipa. Lilikuwa la nini kabla? Zile balbu kubwa zina zebaki ndani, ikipasuka juu ya pipa nani anatupa wale senene? Hakuna anayetupa, hao ni pesa. Halafu wanakaa magunia wakiwa hai wamebanana, wengine wanakufa humo humo, asubuhi wako kwenye lori kwenda Kampala, wanatolewa mabawa na miguu kwa mikono ya akina mama wamekaa chini, na beseni la maji moja la kunawa kama lipo. Kukaanga kunasaidia sana, ndio sababu watu wengi hawaugui. Ila kuna bakteria wenye tabia ya kujifungia kwenye ganda gumu, Basilasi sereasi na jamaa zake, hao joto la kawaida linawaua wazima lakini yale maganda yanabaki, na ukiacha chakula chenye unyevu kwenye joto la mchana yanaamka. Chakula kikavu kikilala kikavu hakuna shida. Kikipata unyevu ndani ya pakiti, shida. Kwa hiyo mtu akikuletea faili la senene wa pakiti, usihangaike na picha nzuri za lebo, muulize alichemsha dakika ngapi kabla ya kukausha, na unyevu wa mwisho ulikuwa asilimia ngapi, kila bechi, si ile moja nzuri aliyoipeleka maabara.

Nyenje wa shambani ni afadhali kidogo kwa sababu unajua walikula nini. Na hilo ndilo swali lao, walikula nini, manake mdudu anabeba madini mazito na dawa zilizomo kwenye chakula chake, ukimlisha pumba yenye kadmiamu utaikuta kwenye unga wake.

Nikuonyeshe pia kitu kidogo kitakachokupa heshima siku ya kwanza. Karibu kila faili la wadudu linajisifu kwa protini. Maabara hazipimi protini moja kwa moja, zinapima naitrojeni halafu zinazidisha kwa 6.25. Sasa ganda la mdudu lina kitini, na kitini nacho kina naitrojeni ambayo si protini. Tuseme kipimo kimetoa naitrojeni gramu 10 kwenye gramu 100 za unga: kwa hesabu ya kawaida lebo itasema protini 62.5. Watafiti waliopima mabuu mazima walipendekeza kuzidisha kwa 4.76, na hapo unapata 47.6. Gramu 15 zimeyeyuka bila mtu kuiba. Kama unga huo unapelekwa shuleni kuzuia utapiamlo, hizo 15 si mchezo, kuna mtoto amehesabiwa ameshiba protini na hajashiba.

Na hapo naingia kwenye swali la kiasi, nipe dakika, ni hesabu lakini haiumi. Kwa kiungo kidogo kama rangi ama kihifadhi, tunalisha panya mpaka tunapata kiwango ambacho hakikuleta dhara lolote, halafu tunagawa kwa 100, mara 10 kwa sababu binadamu si panya, mara 10 nyingine kwa sababu wewe si mimi. Watu wanadhani vyakula vipya vyote vinapita hapo. Haiwezekani. Chukua uji wenye asilimia 15 ya unga wa nyenje, mtoto wa kilo 12 anapewa vikombe viwili kwa siku, unga wote gramu 80, humo nyenje ni gramu 12, yaani gramu moja kwa kila kilo ya mwili wake. Ukitaka ile nafasi ya mara 100 itabidi panya ale gramu 100 kwa kilo, na panya mkubwa kwa kawaida hata chakula chake chote cha siku hakifiki hapo. Angekula nyenje tupu na bado asitoshe, na angeugua kwa kukosa lishe, wewe ukadhani ni sumu. Ndio maana kwa chakula kizima tunategemea vitu vingine: kilichomo ndani kipimwe chote, historia ya kuliwa, namna protini zake zinavyomeng'enywa, kama zinafanana na zile za aleji, halafu jaribio la panya la siku 90 linakuja kujibu maswali yaliyobaki, na wakati mwingine halihitajiki kabisa. Anayekuletea ripoti ya panya peke yake na kusema imekwisha, hajaelewa kazi. Na hiyo ya kulinganisha protini na za aleji ilishaokoa watu: miaka ya tisini walitaka kuboresha soya kwa kuipa protini ya njugu za Brazil, wakapima damu ya wenye aleji ya njugu hizo, ikaitikia, mradi ukafungwa kabla soya hiyo haijafika sokoni.

Nyama ya kukuzwa maabara nitaipitia haraka, sioni ikija mezani kwako kesho. Singapore iliruhusu kuku wa namna hiyo Desemba 2020, wa kwanza duniani, Marekani ikafuata 2023, na Italia mwaka huo huo ikapiga marufuku. Maswali yake ni ya njia ya kutengeneza tena: seli zimekuzwa kwenye nini, nini kimebaki, bakteria wameingia wapi. Mazao ya kubadilishwa vinasaba ni kesi yake peke yake hapa kwetu, Bunge lilipitisha muswada 2017 na tena 2018, Rais akaurudisha mara zote mbili, na ndizi za NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, kule Kawanda zimebaki za utafiti. Usijitie kwenye ubishi huo kwenye intavyuu. Ukiulizwa, sema kuruhusu kuuza ni jambo la sheria, na tathmini ya usalama inaweza kufanywa bila kungoja siasa iamue.

Unaona sasa saini yako inakaa wapi. Kwenye ofisi inayoendeshwa vizuri husaini peke yako. Wewe unaandika tathmini, mwenzako anaisoma kwa nia ya kuipinga, kamati inakaa, mkubwa anaamua. Na ruhusa si lazima iwe ndiyo ama hapana. Inaweza kuwa ndiyo kwa biskuti na hapana kwa uji wa watoto chini ya miaka miwili, ndiyo kwa asilimia 10, ndiyo lakini lete vipimo vya bechi kila baada ya miezi mitatu. Kilichokosekana kiandike. Kama historia ya kuliwa ni ya watu wazima tu, andika kwamba kwa wajawazito data hazipo, usiandike "hakuna ushahidi wa madhara", hiyo sentensi imewalaza wengi. Je, inaweza kutokea ukapitisha kitu na mtu akaumia? Inaweza, sitakudanganya. Siku hiyo watakachoangalia ni kama ulichokijua ulikiandika, na kama kulikuwa na njia ya kuirudisha bidhaa kutoka madukani haraka. Namba ya bechi kwenye pakiti inaonekana kitu cha kijinga mpaka siku unapohitaji kujua ni pakiti zipi ziondolewe.

Mjomba hajakosea kote. Chai ipo. Haitakuja kama bahasha siku ya kwanza, itakuja kama lifti ya kwenda Entebbe, kama "dada, na hizi sampuli za nyumbani", kama mchango wa sherehe ya kumtambulisha mchumba wako nyumbani, halafu siku moja faili lina haraka. Usikutane na mwombaji peke yako, mazungumzo yote yawe na karatasi, sampuli zipokelewe na kusainiwa ofisini. Ukiona mambo makubwa kuna IGG, yaani mkaguzi mkuu wa serikali anayeshughulikia rushwa, na kuna sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda wanaotoa taarifa, lakini kwenye maisha ya kila siku kinachokulinda ni mazoea ya kuandika na kuwa wawili. Kuhusu mihuri, ndio, kuna siku utagonga, na kuna wiki zitapita unabishana na ofisi nyingine kwamba hili ni lenu si letu. Mtu akiandika kwenye pakiti ya unga kwamba unatibu kisukari, ameshatoka kwa UNBS, shirika la viwango, ameingia mlango wa NDA, mamlaka ya dawa, na atakuja kulia kwako eti unamsumbua. Sheria zetu za chakula zimesambaa kwa wizara ya kilimo, ya afya, ya biashara, na halmashauri, na hakuna mlango uliobandikwa vyakula vipya peke yake, kwa hiyo utatumia muda mwingi kuliko unavyodhani kutafuta mwenye mamlaka. Wengine inawachosha wanaondoka kwenda kampuni binafsi, mshahara ni bora. Siwalaumu.

Masta ama kazi? Kazi, kama watakupa mtu wa kukuongoza. Hii kitu hujifunzi darasani mpaka umeona mafaili mabaya mengi. Muulize kwenye intavyuu nani atakuwa anasoma tathmini zako, wakijibu kwa kuzunguka zunguka, fikiria mara mbili. Baada ya miaka michache soma, na usome sumu na takwimu, usirudie sayansi ya chakula ile ile. Na kama unahisi unapenda zaidi upande wa kukimbilia mlipuko, kuna mafunzo ya miaka miwili ya epidemiolojia ya kazini chini ya wizara ya afya, ni vijana wa huko waliochunguza ile ya Kasese.

Kwa intavyuu yenyewe, wengi watakwenda na vyeti. Wewe nenda na ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe, chagua chakula unachokijua, hata mukene (dagaa) wa kusaga ama senene, uandike kinatengenezwaje hatua kwa hatua, ni hatua gani ikikosewa inaleta nini, nani atakila na kiasi gani kwa kilo, na swali gani moja ungemrudishia mwombaji. Ila hospitali uende wiki hii, kabla ya huo ukurasa.